Ulale wapi ili ule vizuri safarini: hoteli, hosteli, nyumba ya kupanga au nyumba ya mwenyeji

Watu wengi wanaopanga safari huanza na kitanda. Wanatazama picha za chumba, wanalinganisha bei, wanasoma maoni ya waliotangulia, wanalipa. Chakula kinaachwa kijipange chenyewe: tutakula huko huko. Kisha wanarudi na kugundua kwamba kwa siku saba walikula mayai, soseji na mkate ule ule unaopatikana katika hoteli yoyote duniani, na chakula cha mji wenyewe walikionja mara mbili tu, tena kwa haraka.

Tatizo linaanzia kwenye malazi. Mahali unapolala ndipo panapoamua utakula nini, saa ngapi na kwa mkono wa nani. Kwa hiyo hapa silinganishi magodoro wala kasi ya intaneti. Nalinganisha aina za malazi kwa maswali matatu: nani anapika, jiko liko wapi, na mlo unaliwa saa ngapi. Kwa msafiri anayetaka kuujua mji kwa ulimi wake, maswali hayo yana uzito kuliko idadi ya nyota mlangoni.

Hoteli: angalia asubuhi yako inakwenda wapi

Hoteli huuza malazi kwa namna kadhaa: kitanda tupu, kitanda na kifungua kinywa, kitanda pamoja na kifungua kinywa na chakula cha jioni, au milo yote mitatu. Juu ya hapo kuna mpango wa kulipia kila kitu mara moja, vinywaji vikiwemo. Mpango huu ulipata jina kupitia Club Med, iliyoanzishwa na Gérard Blitz mwaka 1950 kwa kijiji cha mahema huko Alcúdia, kisiwani Majorca, Hispania. Ulibuniwa ili mtu asiwaze lolote akiwa likizoni, na hilo unalitimiza vizuri. Gharama yake ni kwamba huna sababu ya kutoka nje ya geti.

Linganisha kitanda tupu na kitanda chenye kifungua kinywa. Cha pili kinaonekana cha busara: unaamka, unashuka, unakula, unaondoka. Lakini ipo miji ambayo mlo wake mtamu kuliko yote ni wa asubuhi, na mlo huo hauingii hotelini ukabaki vile vile. Hanoi, Vietnam, supu ya tambi ya pho huchemshwa kwa saa nyingi kwa mifupa ya ng'ombe na viungo, na wenyeji huila asubuhi wakiwa wameketi kwenye vistuli vya plastiki kando ya barabara. Myanmar wana mohinga, tambi za mchele ndani ya mchuzi mzito wa samaki. Malaysia wana nasi lemak, wali uliopikwa kwa tui la nazi na kupewa sambal (pilipili ya kusaga), dagaa wa kukaanga na karanga. Aliyeshiba bafe ya hoteli saa mbili asubuhi hawezi kula hivyo saa tatu. Na kesho yake atarudi kwenye bafe ile ile, kwa kuwa ameshailipia.

Kuna sehemu ambako ushauri wangu ni kinyume kabisa. Uturuki, kwa mfano, kifungua kinywa cha hoteli ndogo inayoendeshwa na familia mara nyingi ndicho chakula chenyewe cha nchi: zeituni, jibini za aina mbili tatu, asali na malai nzito ya kaymak, nyanya na matango, mayai ya menemen yaliyopikwa na nyanya na pilipili, chai isiyokatika. Mji wa Van, mashariki mwa nchi hiyo, umejijengea sifa kwa migahawa inayouza kifungua kinywa. Ukilala kwenye hoteli ndogo ya namna hiyo, lipa kifungua kinywa bila kusita. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, tafuta jambo moja: wenyeji wa mji huu hula wapi asubuhi, nyumbani au barabarani? Kama ni barabarani, chukua kitanda tupu.

Chakula cha jioni kilichofungwa ndani ya bei ya chumba nakiogopa zaidi. Chukua Hispania. Wenyeji hula mlo mkubwa mchana, mnamo saa nane au saa tisa, na cha jioni hukila saa tatu usiku au baadaye. Hoteli nyingi za watalii hufungua bafe ya jioni mapema ili kuwaridhisha wageni waliozoea ratiba nyingine. Ukifuata bafe, unakula na wageni wenzako, unamaliza wakati mji ndio kwanza unaamka. Halafu mchana, kwa kuwa unajua jioni imelipiwa, unakula sandwichi. Umekosa menú del día, mlo wa mchana wa bei moja wenye sahani ya kwanza, ya pili, mkate, kinywaji na kitu kitamu, ambao ndio mlango rahisi kuliko yote wa kuingilia chakula cha kila siku cha nchi ile.

Singapore ni mfano wa upande wa pili. Kati ya mwaka 1971 na 1986 wachuuzi wa barabarani walihamishiwa kwenye vituo vilivyojengwa na serikali, vyenye maji ya bomba na mifereji ya maji taka, na utamaduni huo wa kula pamoja kwenye vituo uliingizwa mwaka 2020 katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Mchuuzi mmoja hupika chakula kimoja au viwili, maisha yake yote. Katika mji wa namna hiyo chumba kidogo kisicho na jiko wala kifungua kinywa, mwendo wa dakika tano kutoka kituoni, kinakulisha vizuri kuliko hoteli kubwa yenye migahawa minne.

Sisemi malipo ya kila kitu hayafai kamwe. Ukisafiri na watoto watatu wadogo, au na mzazi mzee mwenye mpangilio mkali wa chakula, au ukienda kisiwa ambacho hakuna kijiji cha kufika kwa miguu, mpango huo unakupa utulivu ambao hakuna malazi mengine yatakupa. Chukua, ila tenga angalau siku mbili za kula nje, na usizihesabu kama hasara.

Hosteli na nyumba ya kupanga: majiko mawili tofauti

Hizi mbili huwekwa kapu moja kwa sababu zote zina jiko la mgeni. Kwa mlaji ni vitu viwili.

Hosteli zilianza kwa mvua. Mwaka 1909 mwalimu wa Kijerumani, Richard Schirrmann, alinaswa na dhoruba akiwa kwenye matembezi ya siku nyingi na wanafunzi wake, wakajibanza usiku katika jengo la shule. Hapo ndipo lilipomjia wazo la kuwa na mabweni ya bei nafuu kila mahali ambapo vijana wangefika kwa miguu, na mwaka 1912 hosteli ya kwanza ya kudumu ikafunguliwa ndani ya ngome ya Altena. Siku hizi hosteli nyingi zina vyumba vya faragha pia na hupokea watu wa rika zote, lakini jiko la pamoja limebaki kuwa moyo wake.

Faida ya jiko hilo ni watu. Anayekaanga vitunguu kando yako huenda ametoka jana katika mji unaokwenda kesho. Atakwambia soko gani lina samaki, mgahawa upi umejaa wageni watupu, basi gani husimama penye chakula. Tena kuna rafu ya vitu vilivyoachwa na waliotangulia: chumvi, mafuta, nusu pakiti ya tambi, pilipili. Ubaya wake ni saa moja jioni, pale majiko manne yanapogombewa na watu ishirini na sufuria zote zimo kwenye sinki. Na sifongo la vyombo la jiko la pamoja mimi siligusi. Nunua lako.

Nyumba ya kupanga kwa siku chache inakupa jiko lako peke yako, friji, meza, na mara nyingi mashine ya kufulia. Kampuni iliyoeneza mtindo huu, Airbnb, imebeba kifungua kinywa katika jina lake: waanzilishi waliwalaza wageni wa kwanza kwenye magodoro ya upepo sebuleni kwao San Francisco mwaka 2007, wakawapa na chakula cha asubuhi, na mwaka uliofuata biashara ikaanza. Leo katika nyumba nyingi humwoni mwenyeji. Unapewa namba za kufungulia mlango, basi. Kwa mtu anayetafuta chakula cha eneo, hilo ni pungufu kubwa: una jiko lakini huna mtu wa kukuonyesha cha kupika.

Ndiyo maana watu wengi, wakishapata nyumba yenye jiko, hupika chakula cha kwao. Tambi na nyanya ya kopo, mayai, wali. Hakuna ubaya jioni moja ukiwa umechoka, ila ukifanya hivyo siku tano ulikuwa huna haja ya kuvuka mipaka. Jiko la nyumba ya kupanga linafaa zaidi kwa vitu visivyohitaji kupikwa sana: mkate wa mtaa, jibini la eneo, matunda ya msimu usiyoyajua jina, samaki waliokaushwa kwa moshi, achari, mboga za kuchemsha dakika tatu. Sokoni nyooshea kidole kitu kimoja usichokijua, uliza kinaliwaje, nunua kidogo. Siku ya pili rudi kwa muuzaji huyo huyo. Mara nyingi siku hiyo ya pili ndipo maelezo ya kweli yanapoanza.

Yapo pia masoko yanayokupikia, na hapo faida ya jiko la kupanga inapungua. Huko Oaxaca, Mexico, ndani ya soko la 20 de Noviembre kuna ujia uliojaa moshi ambako unachagua nyama mbichi, inachomwa kwenye mkaa mbele yako, na unaongezea vitunguu, parachichi na mikate ya mahindi kutoka kwa wauzaji wa pembeni. Soko la samaki la Noryangjin mjini Seoul lina utaratibu unaofanana: unanunua samaki hai kwenye vizimba, unampeleka mgahawani humo humo akatengenezwe. Ukienda mji wenye soko la namna hii, usilipie jiko.

Na kuna vyakula ambavyo hakuna jiko la kupanga litakalovitoa. Tanjia ya Marrakech, Moroko, huwekwa katika chungu chembamba cha udongo, nyama na viungo na ndimu zilizochachushwa kwa chumvi, kisha chungu hupelekwa kwenye tanuru linalopasha maji ya hamamu na kuzikwa katika majivu ya moto kwa saa nyingi. Hapo unahitaji mtu wa mtaa huo, mwenye kujua tanuru na mwenye tanuru.

Kabla ya kulipia nyumba, fanya mambo mawili. La kwanza, omba picha ya jiko lenyewe. Neno "jiko" katika tangazo laweza kumaanisha maikrowevu na birika la umeme. Uliza kama kuna sufuria, kisu kinachokata, mafuta na chumvi. Kununua lita ya mafuta kwa ajili ya siku mbili ni kutupa pesa. La pili, hakikisha nyumba inaruhusiwa kisheria. New York, tangu Septemba 2023, inataka mwenyeji ajisajili na awepo nyumbani mgeni akikaa chini ya siku 30. Amsterdam iliweka mwaka 2019 kikomo cha siku 30 kwa mwaka kwa anayekodisha nyumba yake yote. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kwamba haitaendeleza leseni za nyumba za watalii zitakapoisha mwaka 2028, kwa sababu wakazi wamekuwa wakishindwa kupata pa kupanga. Sheria hizi zinagusa chakula pia, maana mtaa ukibakiwa na wapangaji wa siku tatu tatu, duka la mboga hufungwa na mahali pake huja mgahawa wenye menyu ya lugha sita.

Nyumba zenye meza yake

Hapa ndipo ningependa usome taratibu, kwa kuwa katika kundi hili kitanda na chakula haviuzwi mbalimbali. Unalipia vyote kama kitu kimoja, na mwenye nyumba ameweka heshima yake kwenye sahani.

Ryokan, nyumba za wageni za jadi za Japani, ndizo zinazojulikana zaidi. Ni za kale mno. Nishiyama Onsen Keiunkan katika mkoa wa Yamanashi inahesabiwa kuwa ilianzishwa mwaka 705. Bei ya kawaida hujumuisha usiku mmoja na milo miwili. Chakula cha jioni ni mfululizo wa sahani ndogo zinazofuata msimu na mazao ya eneo: samaki wa pwani ile au uyoga wa mlima ule, tofu (jibini la maharage ya soya), mchuzi, wali mwishoni. Kifungua kinywa nacho ni samaki wa kuchoma, wali, supu ya miso na achari. Huhitaji kujua kuagiza, unaletewa.

Masharti yake yanabana. Chakula cha jioni huandaliwa saa kumi na mbili au saa moja, si saa tatu, na ukichelewa bila taarifa umewavunjia kazi ya siku nzima. Usichokula unakisema wakati wa kuweka nafasi. Ukisubiri kusema mlangoni, umechelewa. Na anayejizuia nyama na samaki ajue kwamba dashi, maji ya supu yanayotengenezwa kwa mwani na mara nyingi samaki aliyekaushwa, imo karibu kila mahali, hata pale ambapo sahani inaonekana ya mboga tupu. Kwa mtu huyo nashauri mlima Koya, kitovu cha Shingon, madhehebu ya Ubudha, kilichoanzishwa na mtawa Kukai mwaka 816. Mahekalu zaidi ya 50 hupokea wageni wa kulala na huwapa chakula cha watawa, kisicho na nyama wala samaki: tofu ya ufuta, mboga za kukaanga, tofu iliyogandishwa na kukaushwa ambayo imebeba jina la mlima huo. Unaamka alfajiri kwa ibada, ndipo unakula.

Linganisha ryokan na agriturismo ya Italia, yaani shamba linalolaza wageni. Ryokan inakuonyesha eneo kwa ustadi wa mpishi. Agriturismo inakuonyesha eneo kwa shamba lenyewe. Sheria ya Italia ya mwaka 1985, iliyofuatwa na nyingine ya mwaka 2006, inataka kilimo kibaki kuwa kazi kuu ya mwenye shamba, na chakula anachowapa wageni kitokane kwa sehemu kubwa na mazao yake na ya mashamba ya jirani. Kwa hiyo mafuta ya zeituni uliyoyachovya mkate huenda yametoka kwenye miti unayoiona dirishani. Menyu huwa fupi, kinacholiwa ni kilichopo. Kasoro yake ni usafiri: nyingi ziko mbali na kituo cha treni, na bila gari unakuwa umefungwa humo. Kwa wenye watoto naiweka juu ya zote. Mtoto aliyechuma nyanya mwenyewe huzila, hata kama nyumbani huzikataa.

Riad za Moroko, nyumba za kale zenye ua katikati, ziko kati ya hoteli na nyumba ya mtu. Nyingi zina mpishi wa nyumba na si mgahawa. Chakula cha jioni huagizwa asubuhi kwa sababu mpishi anakwenda sokoni siku hiyo hiyo kwa idadi ya watu walioagiza. Watu hulalamika kwamba ni usumbufu. Mimi naona ni dalili njema kuliko menyu yoyote: hakuna kilicholala kwenye jokofu kikikungoja. Ukiwa hapo siku ya Ijumaa, agiza kuskusi, maana ndiyo siku yake.

Kulala kwa familia

Ukitaka chakula ambacho watu hula wakiwa peke yao, lala kwao. Kuba iliruhusu rasmi familia kukodisha vyumba mwaka 1997, na kwa miaka mingi maharage meusi, wali na ndizi za kukaanga vya mama wa nyumba vilisifiwa na wageni kuliko vya mikahawa ya serikali. Katika milima ya Svaneti, Jojia, nyumba za familia huwapa wageni kubdari, mkate uliojazwa nyama na viungo, na ile chumvi ya Svaneti iliyosagwa pamoja na kitunguu saumu na mbegu, ambayo ni shida kuipata ikiwa na ladha hiyo mahali pengine. Kisiwani Amantaní, ziwa Titicaca upande wa Peru, familia hupokea wageni kwa zamu na chakula huwa supu ya kinoa, viazi vya aina ambazo hujapata kuziona, jibini, na chai ya majani ya muña. Uso wa ziwa uko mita 3,812 juu ya bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka karibu nyuzi 87 tu, kwa hiyo kila kitu huchukua muda mrefu jikoni. Supu nyepesi na viazi usiku vinakufaa kweli, kwa sababu tumbo nalo huenda polepole huko juu.

Jambo la kuuliza kabla ya kuchagua familia ni hili: nitakula nanyi, au nitaandaliwa meza yangu? Katika nyumba nyingi mgeni huwekewa meza peke yake na kupewa kile ambacho wenyeji wanadhani wageni hupenda: kuku bila pilipili, chipsi, saladi. Ni ukarimu, na ni kosa letu wasafiri, maana wageni waliotangulia ndio waliowafundisha hivyo kwa kurudisha sahani zikiwa nusu. Njia ya kulirekebisha ni kusema mapema, kwa upole: "Mnachopika kwa ajili yenu leo, mimi pia kinanifaa." Kisha ukile. Ukishasema hivyo na ukaacha sahani imejaa, siku inayofuata utaletewa chipsi, na ndivyo inavyostahili.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa familia, siku ya tatu ndiyo yenye faida. Ukisogea jikoni kumenya, kutwanga, kuosha vyombo, ndipo unapoona kiungo kinaingia lini na moto unapunguzwa lini. Kukaa usiku mmoja tu kwa familia ni kuwasumbua na wewe mwenyewe kutoka mikono mitupu. Kama ratiba yako ni ya usiku mmoja mmoja, chukua ryokan, riad au agriturismo, ambazo zimezoea mgeni wa kupita.

Udhaifu wa kulala kwa familia sitauficha. Huchagui saa ya kula. Choo kinaweza kuwa cha pamoja. Ukitaka kulala mapema kuna mazungumzo sebuleni. Na kama lugha haipo kabisa, siku ya kwanza inachosha. Mtu mwenye haya nyingi au anayesafiri ili apumzike mbali na watu, asijilazimishe.

Tumbo, na kwa nini chumba kinahusika

Hofu ya ugonjwa huwarudisha wengi kwenye bafe ya hoteli. Tuseme ukweli: bafe yenyewe si ngome. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kihifadhiwe juu ya nyuzi 60 na cha baridi chini ya nyuzi 5, kwa sababu kati ya hapo vijidudu huzaana upesi. Sinia la wali lililokaa vuguvugu tangu saa moja hadi saa nne limo katikati kabisa ya hatari hiyo. Mchuuzi anayekaanga mbele yako, akakukabidhi kingali kinafuka moshi, huku foleni ya wenyeji ikisogea haraka, mara nyingi ni salama zaidi. Wa kuogopa zaidi ni maji, barafu, mboga mbichi zilizooshwa kwa maji ya bomba yasiyo salama, na matunda yaliyokwisha kumenywa.

Chumba kinasaidia kwa vitu vidogo. Birika la umeme linakuchemshia maji ya kunywa: yachemke kwa dakika moja, au tatu ukiwa juu ya mita 2,000. Friji inakuzuia kula mabaki yaliyolala nje. Choo cha peke yako, usiku tumbo likichafuka, ni kitu ambacho hosteli ya vitanda kumi haiwezi kukupa. Beba paketi za chumvi na sukari za kuongeza maji mwilini. Ukizikosa, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa juu, si vya kujaa kilele.

Kwa sababu hiyo hiyo ningepanga usiku kwa mfuatano. Katika safari ya usiku saba, usiku wa kwanza tatu kwa familia au kwenye nyumba yenye meza yake, ujifunze majina ya vyakula na mahali vinapopatikana. Usiku tatu unaofuata kwenye nyumba ya kupanga au hosteli karibu na soko, kwa kuwa sasa unajua cha kununua. Usiku wa mwisho hoteli ya kawaida yenye choo chako, na usiku huo usionje chochote kibichi ambacho hujapata kukila. Ndege si mahali pa kugundua kwamba chaza hawapatani na tumbo lako. Safari ikiwa ya siku mbili tu, sahau jiko. Chukua kitanda tupu katikati ya mji na ule nje milo yote.

Mwenye mzio mkali, kwa mfano wa karanga au wa kamba na kaa, ningempa mpangilio mwingine: nyumba ya kupanga ndiyo iwe msingi, na kadi iliyoandikwa kwa lugha ya nchi hiyo ikitaja asichokula na kitakachompata akila. Anayekula halali pekee, au asiyekula nyama, anaweza kulala popote ilimradi aandike mapema, lakini kwa familia atafaidi kuliko kwa hoteli, kwa sababu anazungumza na mpishi mwenyewe badala ya mtu wa mapokezi.

Ujumbe wa kumtumia mwenyeji kabla ya kulipa unaweza kuwa mfupi hivi: Chakula kinapikwa na nani, na ninyi mnakula hicho hicho? Jioni mnaandaa saa ngapi, na nikichelewa inakuwaje? Naweza kulipia chumba bila kifungua kinywa? Soko liko umbali gani kwa miguu, na hufunguliwa siku zipi? Jikoni kuna sufuria, kisu na moto wa aina gani? Mimi sili kitu fulani. Mnaweza kupika bila hicho? Akikujibu la soko kwa jina la muuzaji na siku ya kwenda, chukua chumba hicho hata kama picha zake ni za giza.